Miguu ya Wanaosimama

Moyo husukuma damu kwenda, lakini kuirudisha ni kazi ya wengine. Damu ikishashuka hadi kwenye vidole vya miguu na kupita katika vishipa vyembamba kuliko unywele, msukumo wa moyo huwa umekwisha karibu wote. Na kutoka hapo ina safari ya kupanda zaidi ya mita moja, kwa mtu aliyesimama wima, ardhi ikiivuta chini wakati wote. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi, ambavyo nimevifundishia zaidi ya nusu ya umri wangu, huchora moyo katikati, mishale myekundu ikitoka na ya buluu ikirudi, kana kwamba ile ya buluu hujiendea yenyewe. Haijiendei. Inasukumwa na shavu la mguu.

Kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu hukaza na kuzibana vena kubwa zilizozama katikati yake. Damu inakamuliwa kwenda juu. Misuli ikilegea, damu ingeshuka tena, lakini ndani ya vena kuna vali, vipande viwili vya utando laini vinavyofunguka kuelekea moyoni tu na kujifunga damu inapotaka kurudi nyuma. Hieronymus Fabricius, aliyekuwa mwalimu wa upasuaji katika chuo kikuu cha Padua nchini Italia, alizieleza vali hizo katika kitabu cha mwaka 1603, ila alidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu inayokwenda kwenye viungo. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyeelewa zilikuwa zimeelekea wapi, na mwaka 1628 akachapisha hoja yake kwamba damu huzunguka. Jaribio lake moja lilikuwa jepesi kiasi kwamba watoto wa darasa la saba hulifanya bila kusaidiwa: mfunge mtu kitambaa juu ya kiwiko, mshipa wa mkono ukishatokeza ujaribu kuikamua damu kuelekea vidoleni. Inafika mahali inakataa. Pale inapokataa ndipo palipo na vali.

Mtu akisimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundo cha mguu hufikia takriban milimita 90 za zebaki, maana nguzo nzima ya damu kutoka moyoni mpaka chini imeegemea hapo. Akianza kutembea, hatua chache tu zinatosha kulishusha hadi chini ya 30. Tofauti hiyo ndiyo kisa chote cha ugonjwa ninaouandikia. Vali zikiharibika, kwa kurithi, kwa mimba, kwa unene, kwa umri, kwa damu iliyowahi kuganda mguuni, au kwa miaka ya kusimama pamoja na hayo mengine, damu hupanda ikashuka, ikapanda ikashuka, na lile shinikizo halipungui hata mtu anapotembea. Vena za juujuu hutanuka na kujipindapinda chini ya ngozi. Maji ya damu huvuja na kuingia kwenye nyama. Jioni mguu unakuwa mzito, unawaka, unauma uma, na asubuhi, baada ya usiku wa kulala, unakuwa kama haujawahi kuumwa. Ndiyo maana watu huuchukulia kuwa uchovu wa kawaida.

Mama yangu alikaanga mahamri na bajia kwenye kona ya mtaa wetu, Mombasa, tangu kabla ya adhana ya alfajiri mpaka watoto wa shule walipotoka. Mchana alipika wali na maharagwe kwa makuli na mafundi. Akirudi nyumbani na kuvua kandambili, alama ya ukanda ilibaki imechorwa juu ya unyayo, na ukibonyeza kidole kwenye muundi kilikaa kishimo ambacho kilichukua muda kujaa. Sisi watoto tulikuwa tukiona ni mchezo. Mtaani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni chumvi, wengine uzee, na kwa kuwa pwani yetu imeishi na matende tangu enzi za mababu, wapo walionong'ona kuwa ni matende. Alipokuwa akipita walisema kwa mapenzi kabisa, "Bi huyu ni chuma." Naye alilipenda neno hilo. Alilivaa.

Sifa hiyo nimeifikiria sana tangu hapo. Waliomsifu hawakumtakia mabaya hata chembe. Lakini hakuna aliyemletea kigoda. Kusifu uvumilivu wa mtu ni njia ya kumshukuru isiyotugharimu chochote, na mara nyingi huwa ndiyo shukrani yote anayopata. Anayesifiwa naye hufungwa na sifa yake: akiketi, ataonekana amelegea; akisema mguu unauma, atakuwa amewavunja moyo waliomwita chuma. Nimewaona wengi wakifungwa namna hiyo. Wauguzi wa zamu ya usiku, wasusi, vinyozi, mabawabu wa maduka, makeshia, wapishi wa harusi wanaopindua pilau toka magharibi mpaka usiku wa manane, na walimu wenzangu ambao kwao kuketi darasani ni uvivu.

Mabadiliko ya pili hayakuwa ya jioni tu. Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ya mama ilianza kuwa nyeusi kuliko ngozi yake nyingine, ikang'aa, ikakakamaa. Kwa watu weupe madaktari hueleza rangi ya kahawia au wekundu, na kwenye vitabu ndiyo picha utakazokuta. Kwenye ngozi zetu ni weusi wa kina zaidi, na mng'ao, na ugumu unaousikia kwa vidole kabla hujauona kwa macho. Weusi huo unatokana na chembechembe nyekundu za damu zilizovuja na kuacha chuma chake kwenye ngozi. Huwasha. Mama alikuna kwa nyuma ya kisu cha jikoni, na siku moja kidonda kikafunguka, kidogo kama kipele, kisha kikapanuka mpaka hakikufunikwa na kiganja.

Hapo maneno yakabadilika. Donda ndugu, walisema. Amekanyaga kitu. Ametegewa na aliyemwonea kijicho kwa ile kona yake ya biashara. Kidonda kikamiminiwa unga wa kapsuli za antibiotiki, majivu, asali, na dawa ya majani iliyonukia vizuri. Siwalaumu waliofanya hivyo. Kidonda kisichopona kinadai maelezo, na maelezo ya kitabibu hayakuwa yamefika mtaani petu. Kilichonisikitisha ni kwamba ugonjwa uliotokana na kazi yake sasa ulimfanya awashuku majirani, na kuna nyumba aliacha kuingia.

Aliyeyamaliza haya ni nesi mmoja wa zahanati, mwanamke mtaratibu asiyepandisha sauti. Kabla ya kugusa kidonda alitafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, akafumba macho akihesabu. Alitaka kujua kama ateri zinaleta damu ya kutosha, kwa sababu mguu wenye ateri zilizoziba ukibanwa kwa bendeji unaweza kufa. Aliporidhika akaosha kidonda kwa maji safi, akaweka kitambaa kisichong'ang'ania, akafunga bendeji kuanzia chini ya vidole, juu ya kisigino, akipanda hadi chini ya goti, akikaza zaidi kifundoni na kulegeza jinsi alivyopanda. "Mamangu," alisema, "hiki hakiponi kwa dawa ya kupaka. Kinapona kwa kuufunga mguu na kuuinua. Na mkanda huu usiufungue ukifika nyumbani eti watu wauone." Mama alitii. Alilala na miguu juu ya mito miwili, juu kuliko kifua, asubuhi, adhuhuri na jioni, na dada zangu wakashika karai la mafuta. Ilichukua miezi. Kilijifunga kutoka pembeni kuja katikati, ngozi changa ya waridi ikienda mbele kidogo kila wiki, na tukawa tunaitazama siku za kubadilisha bendeji kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi.

Kubana mguu ni tiba ya kale. Mwishoni mwa karne ya 19, Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi mjini Hamburg, alikuwa akifunga miguu ya wagonjwa kwa bendeji iliyopakwa zinki, na bendeji ya namna yake bado inatumika. Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani. Yeye mwenyewe aliugua vena za miguu. Akagundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea maumivu hutulia. Kwa kuwa mhandisi, aliuliza kwa nini: maji hubana zaidi kadiri yanavyokwenda chini, kwa hiyo kifundo kinabanwa kuliko goti, na goti kuliko paja. Ni kipimo kilekile kinachopingana na ile nguzo ya damu. Kutokana na wazo hilo, katika miaka ya 1950, alitengeneza soksi zinazobana sana chini na kulegea kuelekea juu. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama, aliyekuwa akitembea baharini maji yakimfika kiunoni, akisema bahari inanyonya uchovu. Alikuwa anasema kweli ya kipimo.

Zamu yangu ilikuja baada ya watoto wangu kuzaliwa na miaka ya ubaoni kuzidi. Nilipoona weusi ule ule unaanza upande wa ndani wa kifundo cha kushoto nilijua ninachokitazama. Nilipimwa kwa ultrasaundi, na ningependa kila mwenye miguu mizito ajue kipimo hicho kilivyo, kwa sababu watu wengi hukiogopa bure. Unasimama. Ndiyo, unasimama, kwani ukilala vali mbovu hazijidhihirishi. Mpimaji anapaka jeli baridi kuanzia kinena hadi kifundo, anateremsha kile kifaa polepole juu ya vena ndefu inayopita upande wa ndani wa mguu, kisha kwa mkono wa pili analiminya shavu la mguu. Kwenye skrini rangi moja inawaka: damu imepanda. Anaachia. Kwenye vena nzima hapo pangetulia papo hapo. Kwangu ilitokea rangi ya pili, ikakaa, ikakaa. "Unaiona, mwalimu? Inarudi," aliniambia. "Kuanzia nusu sekunde tunaihesabu kuwa ni hitilafu." Yangu ilizidi hapo bila shaka yoyote. Niliitazama damu yangu ikishuka njia iliyopaswa kupanda, na badala ya hofu nilipata kitu kinachofanana na faraja. Mama hakuwahi kutegewa na mtu. Tuna vena za ukoo.

Nimekuwa nikivaa soksi za kubana tangu wakati huo. Zinavaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba. Unaigeuza soksi ndani nje mpaka kisiginoni, unaingiza vidole, unakiweka kisigino mahali pake barabara, ndipo unapandisha sehemu iliyobaki kidogo kidogo kwa viganja, ukiwa umevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo ili kucha zisitoboe na kiganja kipate kushika. Usiivute kwa juu, na usiikunje chini ya goti, kwani mkunjo hubana kama kamba. Inafuliwa kwa mkono na kuanikwa kivulini, na baada ya miezi sita hivi mpira wake unakuwa umechoka, inabidi kununua nyingine. Mombasa ya Februari, soksi nzito hadi gotini si jambo dogo. Wagonjwa wengi huziacha kwa ajili ya joto na bei, na daktari asiyelizungumzia joto hilo hajamaliza kazi yake. Mimi hupaka miguu mafuta yasiyo na manukato usiku baada ya kuzivua, maana ngozi hii ikikauka hupasuka, na hulowesha soksi kwa maji kidogo nikiwa nimezivaa wakati jua limekuwa kali. Hilo la maji nilifundishwa na mgonjwa mwenzangu kwenye foleni.

Mengine ni ya kufanya popote. Kuinua visigino na kuvishusha ukiwa umesimama mbele ya darasa, hakuna atakayejua. Kuzungusha vifundo ukiwa kwenye basi la usiku la Nairobi. Kutembea kila siku, hata kama ni hadi sokoni na kurudi. Kupunguza uzito kwa aliyezidi. Vidonge vya kukojosha maji, ambavyo watu huazimana kama panadol, havitengenezi vali hata moja, na vikitumiwa ovyo vinaweza kuharibu chumvi za mwili na figo.

Nyakati zetu zimeongeza jambo kubwa zaidi. Zamani vena mbovu ilifungwa au kuchomolewa nzima kwa upasuaji. Siku hizi daktari anaweza kuingiza waya mwembamba ndani yake na kuifunga kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, mgonjwa akiwa macho, na akaenda nyumbani siku ile ile. Damu hupita kwenye vena za ndani, ambazo hata hivyo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Uingereza iliiweka njia hiyo mbele ya upasuaji katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Mwaka 2018 utafiti wa huko uliowahusisha wagonjwa 450 wenye vidonda, ukiongozwa na Manjit Gohel, ulionyesha kwamba waliofungiwa vena mapema, pamoja na bendeji, walipona kwa siku 56 kwa wastani wa kati, na waliocheleweshewa kwa siku 82. Nasoma tarakimu hizo nikiikumbuka ile miezi ya mito miwili. Kwetu huduma hiyo ipo kwa wachache, katika miji mikubwa, kwa gharama ambayo mkaanga mahamri haimudu. Bendeji na nesi anayejua kuifunga, hata hivyo, vinaweza kufika kila zahanati, na kama ningepewa kuchagua pa kuanzia ningeanzia hapo.

Yapo mambo ambayo hayangoji. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, hasa baada ya safari ndefu, uzazi, upasuaji au kulazwa, huenda damu imeganda ndani, na donge likiachia likapanda kwenye mapafu huua. Ukiambatana na pumzi kukatika au kifua kuchoma, ni hospitali saa hiyo hiyo. Vena iliyotokeza ikipasuka, damu humwagika kwa wingi wa kutisha: lala chini, inua mguu juu, bana kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike. Aliyesimama akitafuta msaada huku damu inatoka ndiye aliye hatarini. Na miguu yote miwili ikivimba pamoja na kuishiwa pumzi, au uso kufura asubuhi, pengine hatia si ya vena bali ya moyo au figo. Matende nayo yapo kweli, huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na tiba yake ni tofauti. Kwa hiyo kupimwa kwanza ni lazima. Soksi za kununua kwa kukisia si tiba.

Narudi kwa kiti, kwa sababu yapo tunayoweza kuyafanya bila daktari. Mwaka 1899 Uingereza ilipitisha sheria ya viti kwa wauzaji wa dukani: kwa kila wanawake watatu waliohudumia wateja, kiti kisichopungua kimoja. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inamtaka mwajiri awawekee wanaofanya kazi wamesimama mahali pa kuketi, ili wapumzike nafasi inapopatikana. Imeandikwa, ipo. Na bado bawabu anayetufungulia mlango amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa akiketi ataonekana amelala. Muislamu mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, mbele ya Mola wake, na sala ikakubaliwa. Mwenye duka amepata wapi amri iliyo kali kuliko hiyo?

Kuketi peke yake hakutoshi, najua. Anayekaa kutwa miguu inaning'inia naye vena zake zinateseka. Ninachokiomba ni ruhusa ya kubadilisha: asimame, aketi, atembee hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, bila kumwomba mtu radhi. Shuleni kwetu tuliwasilisha jambo hili kwa mwalimu mkuu, na sasa kila darasa lina stuli ndefu kando ya ubao. Wiki za mwanzo hakuna aliyeikalia. Aliyeanza ni mwalimu wa hisabati, kijana mwenye afya tele, alikaa huku akisahihisha madaftari, na baada yake wengine wakaona si aibu.

Kwenye supamaketi ninakonunua vitu vya nyumbani makeshia bado wanasimama. Mmoja wao, binti mwenye adabu sana, ana mishipa imemtokeza nyuma ya goti, na jioni hubadilisha mguu mmoja hadi mwingine akinihesabia chenji. Nilimwuliza kama jioni miguu humwuma, akacheka, akasema, "Tumezoea, mwalimu." Nimemwandikia meneja barua ya adabu, nikanakili kipengele cha sheria kama kilivyo, nikataja bei ya stuli kwa mafundi wa mtaani kwetu. Hajanijibu. Jumatatu nitakwenda kumwona ofisini kwake.